Hita ya sola ya lita 200: Julai raha, Machi iangalie

Kamwene wana Iringa, na wengine wote mnaoamkia baridi huku juu.

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Pamoja na stendi ya chuma, mabomba na malipo ya fundi, hita hii ilitutoa zaidi ya milioni moja na nusu. Ni ile aina mnayoiona siku hizi juu ya mapaa ya hosteli na nyumba za masista: mtungi wa kulala wa lita 200, na chini yake mirija ishirini ya kioo cheusi iliyoelekezwa kaskazini. Haina chapa ya kujivunia. Niliinunua duka la vifaa vya ujenzi pale Miyomboni, ikapanda juu ya paa, na tangu hapo nimekuwa nikiipima kuliko ninavyojipima mwenyewe.

Nasimamia gesti ya vyumba sita njia ya Kalenga, nje kidogo ya mji. Wageni wetu wengi wanaelekea Hifadhi ya Ruaha. Wanafika jioni, wanaoga, wanakula, wanalala, alfajiri wameondoka. Mtu aliyekaa kwenye gari tangu Mikumi, akafungua bomba la Iringa mwezi wa saba likamwagia maji ya usiku, hasahau, na akifika penye mtandao anaandika.

Kabla ya hita tulikuwa na pipa. Wenyeji wa nyanda za juu mnalijua: pipa la chuma limejengewa matofali, kuni chini, bomba linatokea juu. Babu, mlinzi wetu wa usiku, alikuwa akiliwasha saa kumi alfajiri, na maji yalitoka yakikaribia kuchemka. Sina neno baya juu ya pipa lile isipokuwa kuni na moshi. Moshi uliingia chumba namba tano hata dirisha likifungwa, na bei ya kuni kila mwaka ilikuwa na sababu mpya ya kupanda.

Sasa sifa za hita, na inazistahili. Kuanzia Juni mpaka Oktoba anga ya Iringa ni safi, na mirija hii haijali kwamba upepo ni wa baridi. Kioo chake kina tabaka mbili zilizoondolewa hewa katikati, joto likiingia halitoki. Siku ya jua kamili, saa kumi jioni, nimekuta mtungi una nyuzi 71. Asubuhi yake bado umezidi 60 kama wageni hawakuoga sana usiku. Umeme sifuri. Kuni sifuri. Babu analala kidogo zaidi, ingawa mwenyewe hakubali kwamba analala. Presha ni ndogo kwa sababu maji yanashuka kwa uzito wake tu kutoka tanki la juu, kwa hiyo mwenye ghorofa ajiandae kununua pampu. Kwetu, nyumba ya chini, inatosha.

Kama ningekuwa naandika Julai ningeishia hapo na nyota tano. Ila wakala mmoja wa safari wa Uingereza alitutumia fomu kabla ya kutuletea kundi la wageni, na fomu hiyo ndiyo iliyonifundisha kuiangalia hita kwa jicho lingine.

Ilikuwa ndefu. Moto, ngazi, nyaya, jikoni, sawa. Halafu ukurasa mzima wa maji: mtungi wa maji ya moto unatunzwa nyuzi ngapi? Bomba la mbali zaidi linatoa nyuzi ngapi baada ya dakika moja? Chumba kisichokaliwa kinafunguliwa maji kila baada ya muda gani? Vichwa vya shawa vinasafishwa lini? Mna minara ya kupozea hewa? Hapo mwenye gesti alicheka kwa sauti. Iringa, wageni wanaomba blanketi la tatu, nani atafunga mnara wa kupozea hewa? Lakini juu ya ukurasa palikuwa na jina la ugonjwa wa Legionnaires, na mimi si mtu wa kujaza fomu nisiyoielewa.

Ni nimonia. Inaletwa na bakteria wa lejionela, ambaye kiasili yumo kwenye mito na udongo na hasumbui mtu. Anasumbua akipata maji ya uvuguvugu yaliyotulia: kati ya nyuzi 20 na 45 anazaliana, hasa kwenye ule uteute unaoshika kuta za mitungi na mabomba. Kunywa maji hayo kwa kawaida hakuleti shida. Shida ni kuyavuta kifuani yakiwa matone madogo ya kupepea hewani, na kazi ya shawa ni kutengeneza matone hayo hayo. Anayeoga kwa ndoo na kopo ana hatari ndogo sana, jambo ambalo nilimweleza Babu akasema yeye alijua siku zote kwamba shawa ni usumbufu. Hauambukizwi mtu kwa mtu. Unawapata zaidi waliovuka miaka 50, wavuta sigara, wenye mapafu mabovu, kisukari au kinga dhaifu, na katika kila wagonjwa kumi hufa kama mmoja.

Someni tena hiyo orodha ya watu, kisha mje mwone wageni wangu wa Juni: wastaafu wenye kofia na darubini.

Nilichojiuliza ni kwa nini wakala wa Uingereza ashughulike na bomba la Kalenga. Jibu liko kwenye tabia ya ugonjwa wenyewe. Mtu akiuvuta leo anatoka bafuni mzima, anakunywa chai, anaenda kuona tembo. Kati ya siku mbili na kumi baadaye ndipo homa, kikohozi, kichwa kuuma, wakati mwingine kuchanganyikiwa. Siku hiyo yuko kwao Leeds, Uingereza, na amekwisha kutupa nyota tano mtandaoni, ameisifu hata shawa. Daktari wa Leeds anaona nimonia moja. Wiki nyingine daktari wa Utrecht, Uholanzi, anaona nimonia moja. Hakuna kati yao mwenye sababu ya kuwaza Iringa.

Ndivyo ilivyoanza Philadelphia, Marekani, Julai 1976. Wanachama wa American Legion, chama cha maveterani, walikutana hoteli ya Bellevue-Stratford, wakaagana, wakatawanyika kurudi makwao kwenye miji ya Pennsylvania, na huko ndiko walikoanza kufa. Mpaka watu wa chama walipoona misiba inafuatana, kila hospitali ilikuwa na mgonjwa wake na fumbo lake. Walikufa 29. Bakteria mwenyewe aligunduliwa na Joseph McDade wa CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ikatangazwa Januari 1977, wakati huo hoteli imeshafungwa kwa kukosa wageni.

Wenzetu wakajenga utaratibu wa kuunganisha hizo nimonia zilizotawanyika. Uingereza, tangu 2010, daktari anayeugundua ugonjwa huu lazima autolee taarifa kwa mujibu wa sheria, na mgonjwa anaulizwa alilala wapi na alienda wapi kabla ya kuugua: hoteli gani, chumba gani, alioga kwa kitu gani, alipita karibu na chemchemi ya mapambo. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, aliyekuwa safarini taarifa yake inaingia kwenye mtandao wa ufuatiliaji uitwao ELDSNet, ambao tangu 2010 unaratibiwa na ECDC, kituo cha Umoja huo cha kudhibiti magonjwa, huko Stockholm, Sweden. Ushirikiano wenyewe ulianza 1987. Wakipatikana watu wawili waliolala nyumba moja ya wageni na wakaugua ndani ya miaka miwili, hilo ni kundi, na nyumba inafuatwa. Hoteli ikiwa Ulaya, mamlaka za nchi hiyo zina wiki mbili kueleza kwamba hatari imekaguliwa na hatua zimeanza, na wiki sita kueleza matokeo. Zisipojibu kwa kuridhisha, jina la hoteli linawekwa hadharani.

Tathmini ya namna hiyo haina nyota na haiombwi ifutwe. Mawakala wanaijua, kwa hiyo wanauliza mapema. Waholanzi nimewaona wakali zaidi, na wana sababu: 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, beseni la maji ya kububujika lililowekwa kwa ajili ya kuuzwa tu, bila mtu kuoga, liliua watu 32 waliokuwa wamekuja kwenye maonyesho.

Basi nikarudi juu ya paa na kipimajoto.

Tatizo la hita yetu halikuonekana Julai. Lilionekana Machi. Mawingu yanakaa juu ya Iringa siku nzima, mvua inakuja mchana, mirija inapata mwanga hafifu. Mtungi haupoi kabisa. Ungepoa kabisa ningekuwa na amani. Unakaa nyuzi 38, 41, 36. Mgeni akiyagusa anasema maji mazuri, vuguvugu safi. Lejionela naye angesema hivyo hivyo. Na kuanzia Machi ndiyo miezi ambayo Ruaha haina watu, barabara zina matope, gesti ina mgeni mmoja au hakuna, maji yale yale lita 200 yanakaa mtungini hayatoki. Klorini ya maji ya bomba hupungua nguvu yakikaa, na kwenye joto inapungua upesi zaidi. Halafu mwezi wa sita mawingu yanaondoka, wastaafu wanaingia, na wa kwanza kufungua shawa ya chumba kilicholala miezi miwili ni mtu wa miaka 70.

Kitabu kilichokuja na hita hakina hata mstari mmoja juu ya hili. Kinasema msipande juu ya mirija, na kinasema heri ya familia. Muuzaji naye aliponisikia nikiuliza nyuzi 60 alinijibu, “Dada, hiyo ni ya kuoga, si ya kuchinjia kuku.” Nilicheka, lakini mtungi unatakiwa ufike 60, na maji yakifika bomba la mwisho yawe angalau 50 ndani ya dakika moja. Hicho ndicho kipimo kinachotumika Uingereza. Kwenye 60 bakteria hawa hufa kwa dakika, na chini ya 20 hawazaliani. Katikati hapo ndipo msikae.

Dawa yake ipo ndani ya mtungi wenyewe, na hapa narudi kuisifu bidhaa. Ina tundu la koili ya umeme ya kilowati moja na nusu. Wengi hawaifungi kwa kuogopa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nimefanya hesabu: kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 40 hadi 60 ni yuniti tano kasoro, kama saa tatu za koili. Siku ya jua huigusi. Siku ya wingu unawasha mchana, ufike 60 kabla wageni hawajaingia. Wakati hakuna mgeni kabisa kwa wiki kadhaa, mimi naumwaga mtungi, nafunika mirija kwa turubai na kuuacha mtupu, halafu kabla ya msimu naujaza, naupandisha 60 na zaidi, nasukuma maji hayo ya moto kwenye kila bomba. Angalizo: usijaze maji baridi kwenye mirija mitupu iliyopigwa na jua la mchana. Inapasuka. Jaza alfajiri.

Kionyeshi cha joto kinachofungwa ukutani msikiamini sana. Kidole chake cha kupimia kiko sehemu ya juu ya mtungi, na maji ya moto hukaa juu. Kikiandika 62, nimechota chini nikapata 48. Chini ndiko matope na magamba ya chokaa yanakojikusanya, mahali bakteria wanapopapenda. Mtungi wetu una koki ya kumwagia chini, nikifungua yanatoka maji ya rangi ya chai kwa muda kidogo. Aina nyingine nilizoziona dukani hazina koki hiyo. Hizo msinunue hata wakipunguza bei.

Maji ya 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, mtoto ndiyo haraka zaidi. Kwa hiyo tumefunga valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi karibu na kila bafu, si kwenye mtungi. Fundi alitaka kuweka moja tu kule juu, aokoe mabomba. Ungeweka kule, mita zote za bomba kuanzia paa mpaka chumba namba sita zingekuwa na maji ya nyuzi 42, yaani tungekuwa tumehamisha tatizo kutoka mtungini kulipeleka kwenye bomba.

Upande wa baridi nao una mambo. Asubuhi ya Julai maji ya Iringa hayahitaji kuambiwa yawe chini ya 20. Lakini tanki letu jeusi la plastiki linakaa juani, na Oktoba limenipa 27. Tumelijengea kivuli cha mabati. Ni kazi ya nusu siku na hakuna duka linalokuuzia.

Kila Jumatatu msichana wa usafi anafungua maji ya moto na ya baridi kwenye vyumba visivyo na mtu, dakika kadhaa, kichwa cha shawa kikiwa ndani ya ndoo ili kisipulize. Vichwa vyenyewe vinalowekwa kwenye siki vikiota chokaa. Tunaandika daftarini. Wakala alipoomba daftari nilimpigia picha kurasa, akaridhika, kundi likaja.

Sasa nilisemee jambo linaloniudhi, halihusu hita. Wifi yangu ni nesi kwenye zahanati moja. Mfumo wetu wa kufuatilia magonjwa, uliofuata mkakati wa WHO kanda ya Afrika wa 1998, anaufahamu vizuri. Kipindupindu au surua ikitokea anajua simu ya kupiga na fomu ya kujaza. Nimonia ya mtoto chini ya miaka mitano inahesabiwa. Nikamuuliza: dereva wa miaka 55, mvuta sigara, aliyelala kwangu, akija na nimonia? “Tunamtibu nimonia, wifi.” Na dawa iliyo karibu ni amoksilini, ambayo haimuwezi bakteria huyu kwa sababu anajificha ndani ya seli za mapafu, anahitaji jamii ya azithromaisini au levofloksasini. Kipimo cha mkojo kinachomtambua kipo duniani, lakini si cha zahanati, na hata kama kingekuwepo, nani angeulizwa alioga wapi wiki iliyopita?

Kwa hiyo mgeni wa Utrecht ana watu Stockholm wanaounganisha vipande. Dereva aliyemleta, aliyeoga maji ya mtungi ule ule, hana hata orodha inayomngoja. Fomu ya wakala iliuliza vyumba vya wageni tu. Chumba cha madereva ni cha mwisho kwenye bomba letu, mbali kuliko vyote, maji yanafika yamepoa kuliko popote, na hakikuwemo. Mimi ndiko naanzia kupima.

Nikirudi kwenye bidhaa: huduma baada ya kununua ni mbovu. Koili iliungua masika ya kwanza, na dukani waliniambia wanauza hita nzima, koili hawana, nijaribu Dar. Nilipata Mafinga kwa fundi wa umeme aliyekuwa na moja kwenye boksi la vyuma chakavu, nyuzi za skrubu zikalingana kwa bahati. Mrija mmoja ulipasuliwa na mvua ya mawe. Mirija inapatikana, haina shida, na mtungi unaendelea kufanya kazi ukisubiri.

Mwenye gesti inayojaa mwaka mzima, au hosteli ya wanafunzi Mkwawa ambako maji hayapati muda wa kulala, anunue bila wasiwasi, tena achukue lita 300. Mwenye vyumba vitatu na wageni wa msimu achukue mtungi mdogo. Mkubwa utampa maji mengi ya kukaa tu. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji akuonyeshe vitu viwili kwa mkono wake: koki ya kumwagia chini, na koili ya akiba inayoingia kwenye tundu la mtungi huo huo. Asipokuwa nazo, toka nje, maduka ya Miyomboni hayaishi.